Daraja Lililogawanywa Kama Nyama ya Matanga

Kamba ya kuanikia nguo kwa Jotham ilikuwa daraja.

Mlango wa choo kwa Sifuna ulikuwa daraja.

Kaburi la mama yake Jotham, lile lenye simiti laini mpaka unajiona uso, hilo nalo lilikuwa daraja.

Ukitaka kuliona daraja letu mwaka ule, ungezunguka boma kwa boma ukionyeshwa vipande vyake. Halafu ungerudi mtoni, uvue viatu, ukunje nguo, uingie majini kama babu yako.

Na kabla hujaanza kutafuta mwizi, wacha nikupunguzie kazi. Hakuna aliyeiba. Hata msumari.

Ndiyo maana naandika. Angekuwa mwizi ningemlaani, nilale.

*

Ilikuwa mwaka wa 2006. Kura ya katiba, ile ya ndizi na chungwa, ilikuwa imeshapigwa, na watu wameshanuniana vya kutosha.

Mtaa wetu uko mbele kidogo ya Naitiri, upande wa kuelekea Kitale. Ni kilima kimoja na maboma yake, na mto umekikumbatia kama mkono uliokunjwa. Jua likiwaka unavuka kwa mawe. Mvua ikianza, unakaa kwako mpaka mto upende.

Mzee wangu Wanyonyi alikuwa na kifua. Dawa zake zilikuwa Kitale. Mto ukijaa siku ya kliniki, anakaa mlangoni akikohoa na kuangalia maji.

Mwishowe binti yetu Edah, aliyeolewa Kitale, akaja kumchukua.

Wanaume walimvusha mgongoni. Mtu aliyekuwa akifunza maksai kulima, hata wale wa majirani, leo anabebwa kama mwana-mbuzi. Nilimwona amefumba macho kwa aibu.

Alipowekwa chini ng'ambo ya pili, akanigeukia, akaita juu ya maji:

"Mama Edah! Siku mtaweka daraja nitarudi. Nitapita juu yake. Kabla ya hiyo siku usinitumie mtu wa mgongo tena!"

"Na wasipoweka?"

"Si pesa imekuja? Wataweka, bana!"

Pesa ilikuwa imekuja kweli.

*

Afisa mmoja kijana alikuja kutoka Bungoma na koti la suti na viatu vya matope. Tukakusanyika uwanja wa kanisa.

"Zamani," akasema, "pesa yenu ilikuwa inakwama Nairobi. Ikitoka Nairobi inakwama huko kwetu Bungoma. Sasa imeshuka. Iko hapa, kwa mtaa. Hakuna injinia wa kuwaringia, hakuna karani wa kuwaambia njoo kesho. Mtaamua nyinyi, mtanunua nyinyi, mtajenga nyinyi. Kutoka leo, nyinyi ndio serikali!"

Watu walipiga makofi mpaka ndege wakatoka kwa mti.

Kando yangu alikaa Wacera. Wacera ni mjane kutoka kwa wale Wakikuyu wa Trans-Nzoia. Babaye alinunua shamba huko zamani, lakini yeye alikuja akafungua duka kilimani kwetu, la mafuta taa, vitunguu na simu ya kulipia. Mdomo wake ulikuwa na pilipili, na mimi nilimpenda hivyo hivyo.

Akaninong'onezea: "Na nyinyi serikali mkikosea, mtashtakiwa kwa nani?"

"Kwa sisi."

"Eeh. Basi sawa." Alisema hivyo kama mtu aliyeambiwa fisi ameandikwa kazi buchari.

Ikafika kuchagua mwenyekiti. Hapakuwa na ubishi hata kidogo. Watu waliita jina moja kama wimbo.

"Wabwile! Wabwile! Wabwile!"

Sasa mnielewe vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo shimo lilipochimbwa.

Wabwile alikuwa mgawaji wa nyama. Kwetu, ng'ombe akichinjwa kwa matanga au kwa tohara, nyama haiokotwi ovyo. Wajomba wana bega lao, mashemeji wana mbavu zao, wachimba kaburi wana shingo yao. Ukikosea, watu hununiana mpaka wajukuu. Vita vingi hapa Bungoma vilianzia kwa figo.

Wabwile hakuwahi kukosea. Alikuwa anakata, anaita jina, anakabidhi, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kulalamika. Yeye mwenyewe alibaki na kwato.

Sifuna wa kule juu, mtu wa sauti kubwa, akasimama: "Mtu anagawa ng'ombe mzima na hajionjeshi, huyo atakula pesa ya serikali kweli? Hapana! Huyu ni msafi!"

Walichagua mtu mwaminifu. Sitawahi kusema vingine.

Ila kuna neno moja. Wabwile amemuoa binti yangu wa pili, Viola. Ni mkwe wangu.

Na kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hawashikani mkono, hawakai chumba kimoja, hawali pamoja. Akiniona njiani anaruka kwa nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, kama sungura, na mimi najifunika leso na kugeukia upande wa pili. Si chuki. Ni heshima, na tumeishi nayo tangu Adamu.

Afisa akasema lazima mama mmoja awe kwa kamati. Wanawake wakanitaja mimi.

Nikasema: "Mwenyekiti ni mkwe wangu. Tutakaaje?"

Afisa akacheka. "Mama, hayo ni ya nyumbani. Hapa ni serikali."

"Mwanangu, si umesema saa hii serikali imeletwa nyumbani?"

Akaangalia saa yake.

Nikasema wamweke Wacera. Hana mkwe hapa, hana shemeji, atauliza bila kujifunika leso.

Sifuna akaruka: "Huyo si wa hapa! Hana ukoo hapa! Akikosea tutamshika wapi?"

Wacera akanyoosha kitenge chake, akasema taratibu: "Na nyinyi mlioshikana hivyo, akikosea mmoja nani atabaki na mkono wa kumshika?"

Walicheka. Walidhani ni utani.

*

Basi hivi ndivyo serikali yetu ilivyokaa.

Wanaume ndani ya kanisa, Wabwile mbele. Mimi nje, chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta. Wacera hakuwa kwa kamati, lakini alikuja kunishikia maneno. Alisimama dirishani, kichwa ndani, miguu nje.

Nikisema kitu, yeye anakipeleka.

"Mama anauliza daraja litawekwa wapi."

Wabwile anajibu akiangalia dari: "Mwambie mama, kwa heshima, ndio hilo tunazungumza."

Wacera ananiinamia: "Amesema ndio hilo wanazungumza."

"Nimesikia, Wacera. Mimi si kiziwi."

"Ni kazi yangu. Usiniharibie."

Na pa kuweka palijulikana. Katikati ya mto, chini kidogo ya boma langu, kuna jiwe kubwa kama mgongo wa kiboko. Maji hayajawahi kulifunika. Ukiweka mbao kutoka ukingo hadi jiwe, na kutoka jiwe hadi ng'ambo, umevuka.

Lakini Sifuna alitaka daraja kule juu, kwa kivuko cha watu wake. Jotham alitaka kule chini, kwa watu wake.

"Kwa jiwe ni kwa mama mkwe wa mwenyekiti!" Sifuna akafoka. "Tunaona! Tunaona mchezo!"

"Jiwe liliwekwa na Mungu," Jotham akamwambia. "Lakini hata mimi sitaki. Watu wa chini si wanadamu?"

"Ukiweka chini nang'oa!"

"Ukiweka juu nachoma!"

Wangekuwa wageni kwa wageni, mmoja angepiga meza aseme: daraja kwa jiwe, mtake msitake. Lakini Wabwile atapigia nani meza? Sifuna ni mjomba wake. Jotham na yeye walitahiriwa msimu mmoja, na kwetu rika lako humkatalii kitu. Na mimi, mama mkwe, hata nikikohoa pale nje anakunja shingo.

Mtu wa watu hawezi kuwakasirisha watu. Wakatoka vile walivyoingia.

Pesa ikatangulia mbele. Lori likaleta vifaa mpaka ng'ambo, watu wakavivusha wakiimba. Mbao za mvule, vyuma, mifuko ya simiti, na waya mnene uliosukwa, ule wa kushikia daraja lisichukuliwe na mafuriko.

Swali likawa: vifaa vikae wapi mpaka ugomvi uishe?

"Kwangu," akasema Sifuna.

"Kwako vitaota miguu," akasema Jotham.

"Unaniita mwizi?"

"Nimesema miguu. Umejiita mwenyewe."

Hapo ndipo Wabwile akasimama. Wacera aliniambia uso wake uling'aa, kama mtu aliyeona njia. Akasema:

"Wazee, tusipigane. Kila boma litachukua sehemu yake, litunze. Kiangazi kikifika, kila mtu ataleta chake, tutajenga kwa amani."

Makofi. Amina. Hata pasta alipiga.

*

Mimi nilikuwa pale nje siku ya kugawa. Sikuona kwa macho kwa sababu ya miiko, lakini nilisikia, na yasiyosikika Wacera alinieleza.

Alitandika majani ya migomba uwanjani. Naam, majani ya migomba! Akapanga mbao kama mbavu. Akapanga vyuma kama mifupa. Akaita majina kwa mpangilio ule ule wa matanga, wajomba kwanza.

Halafu nikasikia msumeno wa chuma. Krrr, krrr.

"Wacera! Anakata nini?"

"Anakata ule waya."

"Mwambie asikate! Mwambie waya ukikatwa si wa daraja tena!"

Wacera alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Mama anasema waya ukikatwa si wa daraja tena!"

Msumeno ukanyamaza. Wabwile akajibu kwa upole ule wake:

"Mwambie mama nimesikia, kwa heshima. Lakini mwambie hata ng'ombe akikatwa si ng'ombe tena, na bado watu wanashiba."

Watu walicheka wakashikana mabega. Msumeno ukaanza tena.

Mimi nililetewa mbao zangu nyumbani, nzuri, zimefungwa kwa kamba. Aliyezileta aliziweka nje ya ua akaondoka kinyumenyume. Niliziinua darini, nikazifunika gunia.

Wacera hakupewa kitu. Hana ukoo.

"Umeumia?" nikamuuliza.

"Kwa nini? Hapa kilimani nimebaki mimi tu sina kipande. Kwa hivyo nimebaki mimi tu nataka daraja."

*

Kiangazi kilikuja. Daraja halikuja.

Nyama ikishafika nyumbani, mama wa boma hangojei. Jotham alikuwa na kaburi la mama yake, udongo unadidimia, na simiti iko pale ndani inaganda. Akasema ataweka kidogo tu. Akaweka yote.

Kipande chake cha waya kikawa cha kuanikia nguo. Sifuna akaunganisha mbao kuwa mlango wa choo, na bawaba juu yake. Wengine walitengeneza zizi, wengine ghala. Hapakuwa na siri. Ukipita wanakuonyesha: "Hii ni sehemu yangu, Wabwile alinipa."

Mzee wangu alikuwa anapiga simu kutoka kwa Edah. Naitwa dukani kwa Wacera, nashika ile simu kwa mikono miwili.

"Mama Edah! Daraja limefika wapi?"

"Limefika kwa Jotham."

"Kwa Jotham pahali gani?"

"Kwa kamba ya nguo."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipomwachilia, hakuwa anacheka tena.

"Sasa mimi nitarudi aje?"

"Rudi tu, mzee. Kuna jua. Utapita kwa mawe."

"Miguu yangu haijui mawe tena. Na mgongoni sipandi. Nilisema mbele ya watu."

Wanaume wetu na maneno yao!

Nilienda kwa kamati. Nikakaa dirishani kwangu. Wacera akabeba maneno: vifaa virudi, daraja liwekwe kwa jiwe, mzee wa watu anangoja Kitale kama mkimbizi.

Nilisikia kiti kikilia chini ya Wabwile.

Sifuna akajibu badala yake, tena akija mpaka dirishani, kwa sababu yeye mimi si mama mkwe wake.

"Mama, na unajua nakuheshimu. Nyama ikishapelekwa kwa boma la mtu, umewahi kuona mwenye matanga anazunguka akisema rudisheni?"

"Hii si nyama, Sifuna."

"Ni nini basi? Si tulipewa? Si yule kijana alisema ni yetu?"

Na kijana alisema hivyo kweli.

*

Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa na hasira. Mto ulipanda mpaka ukafika migombani.

Asubuhi moja Wacera mwenyewe alikuja kwangu, hakutuma mtu. Alikuwa amevua kilemba. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Wanyonyi alikuwa amelala kwa Edah hakuamka.

Walimleta na pikapu mpaka ng'ambo. Edah alishuka, akasimama kando ya sanduku, akaniangalia juu ya maji yale mekundu. Tulikuwa karibu hivi kwamba niliona vifungo vya sweta yake, na hatukuweza kushikana.

Kwetu maiti halali ng'ambo ya mto wake. Ni laana, ni aibu, ni kila kitu kibaya. Na mgongoni alikataa mwenyewe akiwa hai. Nani atathubutu kumpandisha akiwa amekufa?

Watu walijaa ukingoni.

Halafu nikasikia sauti ya Wabwile nyuma ya migomba, pale alipojificha nisimwone. Alikuwa analia waziwazi.

"Kila mtu alete chake! Kila mtu alete chake sasa!"

Mlango wa choo ukaja na bawaba zake zikilia. Kamba ya nguo ikaja, na kibanio kimoja kimebaki juu yake. Zizi likaja, ghala likaja. Waya ukafungwa fundo kwa fundo kama kamba ya mbuzi. Nikatoa mbao zangu darini. Kilichokosekana ni simiti peke yake, na hiyo ilikuwa imelala na mama yake Jotham.

Waliweka wapi? Kwa jiwe. Hakuna aliyeuliza juu wala chini. Sifuna mwenyewe alikuwa majini hadi kifuani akishika.

Sufuria ya maharagwe niliyoiacha jikoni ilikuwa haijaiva. Daraja lilikuwa tayari.

Nilisimama pale nikitazama. Mwaka mzima, watu! Mwaka mzima mzee wangu amekaa kwenye kiti cha watu Kitale akiuliza limefika wapi, na ni kazi ya asubuhi moja.

Sanduku likapita juu yake. Likayumba pale kwa mafundo, halafu likapita.

Alirudi juu ya daraja, vile alivyosema.

*

Tulimzika mchana. Ng'ombe akachinjwa, Wabwile akagawa, watu wakabeba sehemu zao kwa majani. Mimi nilikaa ndani na wanawake.

Kabla ya jioni nikasikia nyundo.

Nyundo, kutoka mtoni.

Nikafikiri: wanapigilia misumari zaidi. Watu wangu wameona. Mzee amekufa lakini amewaachia daraja.

Nilitoka nikatembea haraka kuliko miaka yangu.

Walikuwa wanabomoa.

Upande wa ng'ambo ulikuwa umeshaondoka. Jotham alikuwa anakunja waya wake mabegani. Na katikati ya wote, mikono bado na mafuta ya nyama ya matanga ya mume wangu, mkwe wangu alikuwa anaita majina.

"Hii ya mjomba. Hii ya boma la chini. Polepole, kila mtu achukue chake, asichukue cha mwenzake. Hizi mbao za mama zipelekwe kwa mama."

Mwaminifu! Mpaka mwisho, mwaminifu!

Sijui ni nini kilinishika. Nilipita juu ya mlango wa Sifuna, uliokuwa bado umelala kutoka ukingoni hadi kwa jiwe. Nikafika kwa jiwe, pale mbao zangu zilipokuwa zimefungwa. Nikakaa juu ya mbao hizo. Maji chini yangu yananguruma.

Wabwile aliponiona alifunika uso na kofia, akageuka kukimbia.

"Wabwile!"

Wanawake walipiga yowe ukingoni. Mama mkwe amemwita mkwe kwa jina, mchana, mbele ya watu.

"Simama. Toa kofia. Niangalie."

Alisimama. Kofia ikashuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona uso wake wote, na alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri.

"Umegawa daraja. Umegawa ng'ombe wa mzee. Umebakisha mimi. Nigawe basi. Bega la nani? Mbavu za nani? Sifuna umpe kichwa, kiongee badala ya chake. Gawa!"

Alianguka kwa magoti, akainuka, akakimbia kuingia nepia, na kofia akaiacha pale kwa tope.

Bila mgawaji, nyundo zilinyamaza. Walisimama na vitu vyao mabegani. Nikafikiri, labda.

Mawingu yakaanza kushuka kutoka Mlima Elgon. Tone la kwanza likanipiga shingoni.

Sifuna akakohoa. Akasema kwa upole, kwa kweli alikuwa mpole:

"Mama, pole sana. Lakini huo mlango ni wangu. Mvua inakuja na choo kiko wazi, na wageni wa matanga ni wengi."

Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Wacera ndiye aliyekuja kunichukua. Alipita juu ya mlango, akanishika kwapani. "Twende, mama. Utawakalia mpaka lini?"

Tukarudi tumeshikana. Na tulipokanyaga tu ukingo, Sifuna akainua mlango wake nyuma yetu, nyayo zetu bado mbichi juu yake.

*

Kwa kumtazama mkwe nilitozwa mbuzi. Kesi ya daraja ilishindikana mwaka mzima, yangu iliisha kabla ya kunyoa nywele za matanga.

Aliyegawa huyo mbuzi mnamjua. Ini aliniletea mimi, likawekwa nje ya ua. Wabwile hakosei.

Yule afisa alirudi kutoka Bungoma kukagua. Mimi nilifurahi, nikasema sasa moto utawaka. Akazunguka boma kwa boma, na kila boma likasema kweli: ndiyo, tulipata, sehemu yetu ni hii. Alipotoka kwa Sifuna alikuwa anatabasamu.

"Mtaa huu ni mfano," akasema. "Kwingine mwenyekiti amekula peke yake. Hapa pesa imemfikia kila mwananchi. Tutawaongeza."

Makofi tena. Yale yale ya mwanzo.

Wacera hakupiga. Uchaguzi wa mwaka uliofuata ulipoharibika, alifunga duka akarudi kwao Kitale, kwa sababu watu walianza kusema tena si wa hapa, na safari hii hawakuwa wanatania. Mtu wa pekee ambaye hakuwa mkwe wa mtu, tukamfukuza.

Mbao zangu sikuzitoa. Ziko pale kwa jiwe hadi leo, zimeota ukungu, hazifiki huku, hazifiki kule. Watoto wa shule wakivuka na viatu shingoni wanaziita kiti cha Kukhu, yaani cha nyanya.

Sasa kila nikisikia kwa redio mtu anasema pesa ishuke zaidi, ifike mtaani, ifike mlangoni kwa mwananchi ajiamulie, nacheka ile ya Wanyonyi, mpaka kifua kinaniuma. Mlangoni kwangu kuna mkwe wangu. Kuna mjomba wa mkwe wangu. Kuna rika lake. Nani atamuuliza nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nataka huyo mgeni. Nataka injinia wa kutuchukia wote sawasawa, asiyejua boma la Jotham wala la Sifuna, apige meza, aweke daraja kwa jiwe, apande gari lake aende, na asikae kula.

Mwizi huachia watu hasira, na hasira hujenga. Mgawaji mwema alituachia shibe tu.

Msituletee pesa. Leteni daraja, na liwe zito, lisibebeke.